Jiji la New York na Sheria za Usalama Barabarani: Nani Mwenye Mamlaka ya Kupunguza Mwendo wa Motokaa?

Watu wengi hudhani kwamba baraza la jiji kubwa laweza kuamua kila jambo lililo ndani ya mipaka ya jiji hilo. Huliona jumba lake la fahari, humwona Meya na maafisa wake, na husema, "Wakubwa hawa wakitaka motokaa ziende polepole, watatoa amri na mambo yatakuwa hivyo." Somo hili laeleza kwamba sivyo ilivyo, na mfano wetu utakuwa jiji la New York katika nchi ya Marekani.

Jiji hili ndilo lenye watu wengi kuliko majiji yote ya Marekani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 walipatikana watu zaidi ya milioni 8.8. Lina Meya, lina Baraza lenye wajumbe 51, na lina polisi wake lenyewe. Hata hivyo, mpaka mwaka 2014, jiji hilo lenye nguvu nyingi namna hiyo halikuweza kwa amri yake peke yake kushusha mwendo wa kawaida wa motokaa katika mitaa yake yote chini ya maili 30 kwa saa. Ililazimu kwanza lipeleke ombi mahali pengine na kungoja jibu. Yafaa tujue ombi hilo lilipelekwa wapi, lilijibiwaje, na watu walipata hasara gani wakati wa kungoja.

Mamlaka Yatoka Wapi

Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina Gavana wake na Baraza lake la Kutunga Sheria. Jiji la New York limo katika jimbo liitwalo New York pia, lakini makao ya serikali ya jimbo hayako katika jiji hilo. Yako Albany, mji mdogo ulio kando ya mto Hudson, yapata maili 150 upande wa kaskazini. Huko ndiko wanakokutana wajumbe wa nyumba mbili za Baraza la jimbo, yaani Seneti na Asembli.

Katika sheria za Marekani, jiji ni mtoto wa jimbo. Mwaka 1868 jaji mmoja wa jimbo la Iowa, John F. Dillon, alieleza kanuni iliyopata kuwa mashuhuri, kwamba mji hauna mamlaka ila yale uliyopewa na jimbo, pamoja na yale yasiyoweza kutengwa na mamlaka hayo. Jimbo la New York limeyapa majiji yake uhuru mwingi kuliko kanuni hiyo ya zamani, lakini sheria za magari zimebaki mkononi mwa Albany. Sababu yake si vigumu kuifahamu. Dereva aweza kutoka Buffalo asubuhi na kufika Brooklyn jioni, akiwa amepita miji mingi njiani. Kama kila mji ungekuwa na sheria zake za magari, mtu huyo angevunja sheria bila kujua. Kwa hiyo ikaonekana ni vema sheria iwe moja, na atakaye kuigeuza aombe.

Namna ya Kuomba

Katiba ya jimbo yaeleza jinsi jiji linavyopaswa kuomba. Kwa kawaida, Albany ikitaka kutunga sheria inayohusu jiji moja tu, jiji lenyewe lapaswa kupeleka ombi rasmi. Ombi hilo hukubaliwa na theluthi mbili za wajumbe wote wa Baraza la Jiji, au hutolewa na Meya naye akaungwa mkono na wajumbe zaidi ya nusu. Ombi likishapelekwa, Seneti na Asembli huujadili mswada na kuupigia kura. Ukipita katika nyumba zote mbili, Gavana hutia sahihi yake. Baada ya hayo mara nyingi Baraza la Jiji hutunga sheria yake ndogo ili kuitumia ruhusa iliyotolewa.

Msomaji ataona kwamba katika safari hiyo pana milango mingi, na kila mlango una mlinzi wake. Mlango mmoja ukifungwa, safari yote husimama.

Maili Tano Zina Uzito Gani?

Mwezi wa Januari 2014 Meya mpya, Bill de Blasio, alianza kazi na kutangaza mpango uitwao Vision Zero. Shabaha yake ilikuwa kwamba asiwepo hata mtu mmoja atakayekufa kwa ajali ya barabarani. Wazo hilo lilitoka Sweden, ambako Bunge lililikubali mwaka 1997. Katika mwaka 2013 watu karibu 300 walikuwa wamekufa katika barabara za New York. Idadi hiyo ilikuwa ndogo ikilinganishwa na watu 701 waliokufa mwaka 1990, lakini watu 300 ni kama kijiji kizima kupotea kila mwaka.

Jambo la kwanza ambalo jiji liliomba Albany ni kushusha mwendo wa kawaida kutoka maili 30 kwa saa hadi maili 25, yaani kutoka kilomita 48 hadi kilomita 40. Watu wengine walicheka. "Maili tano tu?" walisema. "Maili tano zitamwokoa nani?"

Swali hilo lina jibu. Nguvu ya kitu kinachokwenda haiongezeki kwa kipimo kile kile cha mwendo wake. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne. Tena dereva aonapo hatari, motokaa haisimami pale pale. Huendelea kwenda wakati dereva anapotambua hatari na kuinua mguu wake, na huendelea tena wakati breki zinaposhika. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza hufundisha kwamba motokaa inayokwenda maili 20 kwa saa huhitaji mita 12 ili isimame, na ile inayokwenda maili 30 huhitaji mita 23. Mtoto akitokea ghafula mita 15 mbele, dereva wa kwanza atasimama kabla ya kumfikia. Dereva wa pili atamgonga.

Nao wale wanaogongwa hawana bahati moja. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya AAA, chama cha waendesha motokaa wa Marekani, ilitoa hesabu zake. Kati ya watu kumi wanaogongwa na motokaa inayokwenda maili 23 kwa saa, mmoja hufa. Mwendo ukifika maili 32, katika kila watu wanne hufa mmoja. Ukifika maili 42, hufa nusu yao. Basi maili chache zaweza kuwa tofauti baina ya kitanda cha hospitali na kaburi.

Baraza la jimbo liliukubali mswada huo mwezi wa Juni 2014, Gavana Andrew Cuomo akatia sahihi mwezi wa Agosti, na Baraza la Jiji likamaliza sehemu yake mwezi wa Oktoba. Sheria ilianza kutumika tarehe 7 Novemba, 2014. Tangu siku hiyo, mtaa usio na kibao cha mwendo mwingine ni mtaa wa maili 25.

Kamera Karibu na Shule

Kibao ni jambo moja, na utii ni jambo jingine. Polisi hawawezi kusimama katika kila kona usiku na mchana. Kwa sababu hiyo jiji liliomba ruhusa ya kutumia kamera. New York haikuwa ngeni katika jambo hilo, kwani mwaka 1988 Albany iliiruhusu kuweka kamera za kuwanasa wanaopita taa nyekundu, nalo likawa jiji la kwanza Marekani kuzitumia. Lakini kamera za kupima mwendo zilikataliwa kwa miaka mingi.

Ruhusa ilipatikana mwaka 2013, nayo ilikuwa ya majaribio na yenye masharti mengi. Kamera ziliruhusiwa katika maeneo ya shule 20 tu. Mwaka 2014 idadi hiyo ilipandishwa ikawa 140. Zilifanya kazi siku za shule tu, na saa za shule tu pamoja na muda mfupi kabla na baada yake. Motokaa haikutozwa faini mpaka izidishe mwendo kwa zaidi ya maili 10. Faini ilikuwa dola 50, nayo hupelekwa kwa mwenye gari kwa kuwa kamera huona namba ya gari, haimtambui dereva. Kwa sababu hiyo hiyo, kosa hilo halihesabiwi katika leseni ya mtu.

Idara ya barabara ya jiji ilipohesabu matokeo, ilitangaza kwamba mahali penye kamera mwendo wa kasi ulipungua kwa zaidi ya asilimia 70. Ilionekana pia kwamba wengi wa waliopata barua ya faini hawakuipata zaidi ya mara moja au mbili. Kwa watu hao barua moja ilitosha kuwafundisha.

Siku Sheria Ilipokwisha

Ruhusa ya majaribio ina mwisho wake. Sheria ya kamera ilikuwa ikome tarehe 25 Julai, 2018. Asembli ilipiga kura ya kuiongeza muda na kuikuza. Katika Seneti, hata hivyo, mswada huo haukuletwa ili upigiwe kura. Mjumbe mmoja alilifungamanisha jambo la kamera na jambo jingine kabisa, yaani kuweka askari wenye silaha katika shule za jiji. Wajumbe wakafunga kikao chao na kurudi makwao. Tarehe ikafika, na sheria ikafa.

Kamera zenyewe hazikung'olewa. Ziliendelea kusimama mahali pake na kuhesabu magari yaliyopita kwa kasi mbele ya shule, maelfu kwa maelfu, ila sehemu kubwa ya kamera hizo hazikuweza tena kumtoza mtu yeyote faini. Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo, lakini wazazi walijua kwamba mwezi wa Septemba watoto wangerudi njiani.

Hapo jiji lilifanya jambo ambalo halikupata kulifanya. Baraza la Jiji lilitunga sheria yake lenyewe ya kamera mwishoni mwa mwezi wa Agosti. Lakini sheria hiyo peke yake isingefaa kitu, kwani majina ya wenye magari yamo katika daftari za jimbo, na jiji lisilo na majina haliwezi kupeleka barua ya faini. Kwa hiyo Gavana Cuomo alitangaza hali ya dharura na kutoa amri kwamba daftari hizo zifunguliwe kwa jiji. Kamera zikaanza tena kazi siku ya kwanza ya masomo, tarehe 5 Septemba, 2018.

Watu walishukuru, lakini wenye busara walijua kwamba amri ya dharura ni fimbo ya kuegemea tu. Mwaka 2019 Albany ilitunga sheria kamili. Maeneo ya shule yakawa 750, na saa za kazi zikawa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Hata hivyo ajali hazifuati kalenda ya shule. Motokaa nyingi hukimbia sana usiku na siku za mapumziko, njia zinapokuwa wazi. Baraza la Jiji lilipeleka ombi tena mwaka 2022, naye Gavana Kathy Hochul akatia sahihi sheria mpya. Kuanzia tarehe 1 Agosti, 2022 kamera zikafanya kazi usiku na mchana, siku zote saba. Mwaka 2025 sheria hiyo iliongezwa muda hadi mwaka 2030.

Hoja za Waliopinga

Si haki kueleza upande mmoja tu. Waliopinga sheria hizi hawakuwa wote watu wasiojali maisha ya wenzao, na baadhi ya hoja zao zina uzito.

Kwanza, walisema kwamba kamera ni njia ya serikali kukusanya fedha. Jiji lilijibu kwamba kamera iliyokaa mahali pamoja kwa muda huleta faini chache kila mwaka upitao, kwa kuwa madereva hujifunza. Na mtego wa fedha ungewekwa kwa namna nyingine.

Pili, walisema kwamba dola 50 kwa tajiri si kitu, na kwa maskini ni chakula cha siku kadhaa. Hoja hii ni ya kweli, na haikujibiwa kikamilifu. Lakini yafaa kukumbuka pia kwamba maskini wengi huenda kwa miguu, na mara nyingi barabara pana zenye hatari hupita katika mitaa yao.

Tatu, walisema kwamba mwenye gari huadhibiwa kwa kosa la aliyeliazima. Ndiyo sababu sheria iliifanya faini kuwa ndogo na kutoiandika katika leseni.

Nne, ilisemwa kwamba wahalifu sugu hawaogopi kamera. Wengine huficha namba za magari yao, na wengine hulipa faini kama walipavyo kodi, kisha huendelea kukimbia. Jambo hili pia ni kweli. Kamera humrudi mtu mwenye haya, na asiye na haya huhitaji dawa nyingine.

Sheria ya Sammy

Mwezi wa Oktoba 2013 mvulana mmoja wa miaka 12, jina lake Sammy, aligongwa na gari katika njia iitwayo Prospect Park West huko Brooklyn, akafa. Mwaka uliofuata wazazi wake walijiunga na jamaa wengine waliofiwa kwa ajali za barabarani, wakaanzisha chama kiitwacho Families for Safe Streets. Watu hao hawakuwa wanasiasa. Walipanda magari kwenda Albany, wakiwa na picha za watoto wao mikononi, wakaingia ofisi moja hadi nyingine.

Mswada ulioitwa kwa jina la Sammy ulitaka jiji lipewe ruhusa ya kushusha mwendo hadi maili 20 kwa saa mahali litakapoona panafaa. Haukuwa ukiliamuru jiji kufanya hivyo, ulikuwa ukilifungulia mlango tu. Hata hivyo ulikaa Albany mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa Juni 2023 baadhi ya wazazi walikaa siku kadhaa bila kula katika jumba la Baraza la jimbo ili wasikilizwe. Seneti iliupitisha, lakini Asembli haikuupigia kura, na kikao kikafungwa.

Hatimaye, mwaka 2024, mswada huo uliingizwa katika sheria za makadirio ya fedha za jimbo, ukapita. Ulipita ukiwa na mipaka, kwani nje ya Manhattan hauhusu barabara zenye nafasi tatu au zaidi za magari kwa upande mmoja. Tena jiji lapaswa kuwaarifu wakaaji kwa njia ya mabaraza ya mitaa siku 60 kabla ya kugeuza mwendo, ili watoe maoni yao. Prospect Park West ilikuwa miongoni mwa njia za kwanza kuwekwa vibao vya maili 20. Tangu siku aliyokufa mtoto yule hadi siku ile, ilikuwa imepita miaka 11.

Mwaka huo huo wa 2024 Albany iliruhusu pia kamera za taa nyekundu ziongezwe kutoka makutano 150 hadi 600.

Yapasayo Kukumbukwa

Je, sheria hizi zilileta faida? Katika mwaka 2018 idadi ya waliokufa ilikuwa imeshuka ikawa kama 200. Lakini mwaka 2021 ilipanda tena ikapita 270, wakati ambapo maradhi ya korona yaliacha njia nyingi wazi na madereva wengi wakazoea kukimbia. Hapa tunajifunza kwamba usalama ni kama shamba. Palizi ya mwaka jana haizuii magugu ya mwaka huu.

Lipo jambo jingine ambalo mfano wa New York waonyesha waziwazi. Wanaoiona hatari ni wakaaji wa mtaa, kwa kuwa watoto wao ndio wavukao njia. Wenye kalamu ya sheria huenda wakawa mbali, na wana mambo mengi ya nchi ya kuyaangalia. Si lazima wawe watu wabaya. Lakini aliye mbali haisikii breki ya motokaa ikilia usiku. Kwa sababu hiyo kazi ya jiji haikuwa kunung'unika, bali kuupunguza umbali huo. Lilihesabu magari, likapima mwendo, likapeleka maombi kwa njia iliyowekwa, na lilipokataliwa lilirudi tena likiwa na hesabu mpya. Wazazi waliofiwa nao walifanya jambo ambalo hesabu haziwezi kulifanya, maana walikwenda wenyewe.

Upande wa watungao sheria, somo ni kwamba kuchelewesha nako ni uamuzi. Mjumbe asiyepiga kura aweza kufikiri kwamba hakufanya lolote. Lakini katika jambo la barabara kila mwaka wa kungoja una hesabu yake, na hesabu hiyo huandikwa kwa majina ya watu.

Na kwa kila ashikaye usukani, hakuna haja ya kungoja Albany wala jiji. Sheria humwambia dereva asipite mwendo fulani, lakini haimkatazi kwenda polepole zaidi anapoona watoto wakicheza karibu na njia. Ruhusa hiyo anayo tangu zamani, na haikuhitaji kupigiwa kura.

Maswali ya Kuzungumza

1. Kwa nini sheria za magari katika jimbo la New York hutungwa Albany, wala si katika kila mji? Taja faida moja na hasara moja ya mpango huo.

2. Motokaa mbili zinakwenda, moja kwa maili 20 na nyingine kwa maili 30 kwa saa. Mtoto anatokea mita 15 mbele. Eleza yatakayotokea, na sababu yake.

3. Mwaka 2018 Baraza la Jiji lilitunga sheria yake ya kamera. Kwa nini sheria hiyo isingefaa bila amri ya Gavana?

4. Je, ni haki faini ya mwendo iwe sawa kwa tajiri na kwa maskini? Toeni maoni ya pande zote mbili.